Usiku Katika Ukumbi wa Mtaa

Wako watu wengi wadhaniao kwamba kuleta usiku jukwaani ni kazi nyepesi kuliko zote. Zima taa, basi, usiku umeingia. Watu hao hawajapata kukaa kiti cha nyuma katika ukumbi wa mtaa wakasikiliza sauti zinazosema gizani, wasijue ni nani anayesema wala anamwambia nani. Dakika ya kwanza na ya pili watazamaji huvumilia. Dakika ya tatu mtoto hulia, ya nne mtu mmoja huwasha simu yake, na ya tano ukumbi mzima hupiga kelele, "Washeni stima!" Hapo mchezo umekwisha, hata kama wachezaji wamebakiwa na nusu nzima ya kuigiza.

Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa maana mitaa ya mashariki ya Nairobi haina upungufu wa wachezaji. Pumwani ina ukumbi wake tangu miaka ya 1920, Kaloleni tangu miaka ya 1940, na Jericho na Bahati nazo zina kumbi zao. Tena michezo ya Kiswahili haikuanza jana. Mwaka 1957 ilikuwa imekwisha kupigwa chapa "Afadhali Mchawi" ya Graham Hyslop na "Nakupenda Lakini" ya Henry Kuria, na mashindano ya maigizo ya shule za Kenya yalianza mwaka 1959. Wachezaji wapo, na maneno yapo. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu mmoja aliyefikiri juu ya taa kabla ya siku ya mchezo.

Kumbi hizo hazikujengwa kwa ajili ya maigizo peke yake. Zilijengwa ziwe za mikutano, harusi, dansi na ndondi. Jukwaa ni jembamba, madirisha ni mengi, kuta zimepakwa rangi nyeupe au ya maziwa ambayo hurudisha kila mwanga unaoipiga, na taa za darini huwashwa zote kwa swichi moja au mbili zilizo karibu na mlango, mbali na jukwaa. Kijana atokaye katika ukumbi wa namna hiyo, akaenda Kenya National Theatre iliyofunguliwa mwaka 1952, akaona taa zilivyopangwa kwa safu juu ya vichwa vya watu, huenda akarudi Makadara amekata tamaa. Asikate tamaa. Savoy ya London, ambayo huhesabiwa kuwa ukumbi wa kwanza wa michezo kuangazwa kote kwa umeme, ilifunguliwa mwaka 1881 tu, na watu walikuwa wakiigiza usiku kwa karne nyingi kabla ya hapo.

Na utwaliwe mchezo mmoja kuwa mfano, nao ni "Makbeth" wa Shakespeare, ambao S. S. Mushi aliutia katika Kiswahili na ukatolewa Dar es Salaam mwaka 1968. Sehemu kubwa ya mchezo huo hutendeka usiku. Mfalme huuawa usiku, wachawi hutembelewa gizani, na mke wa Makbeth hutembea usingizini akiwa na mshumaa mkononi. Lakini bwana mmoja Mwingereza, Simon Forman, aliyeuona mchezo huo mwaka 1611 katika ukumbi wa Globe, aliuona mahali pasipo na paa katikati, na huko ilikuwa desturi kucheza alasiri, jua likiwaka. Watazamaji walijuaje kwamba ni usiku? Walijua kwa sababu mchezaji aliingia ameshika mwenge. Mtu hashiki mwenge mchana. Mwenge ule haukuwekwa kusudi uangaze. Uliwekwa useme.

Sasa msomaji afikiri juu ya tendo moja tu katika mchezo huo, lile la kuuawa kwa Banquo. Wauaji watatu wamejificha njiani. Banquo anakuja na mwanawe Fleance, nao wana mwenge. Wauaji wanaruka, Banquo anapigwa, mwenge unazimika, na katika giza hilo mtoto anakimbia na kuponyoka. Baadaye wauaji wanalaumiana juu ya ule mwanga uliozimwa. Kuponyoka kwa mtoto huyo si jambo dogo, kwa maana ilikwisha tabiriwa kwamba uzao wa Banquo ndio utakaotawala. Basi watazamaji wasipomwona akikimbia, hawajui kwamba yu hai, na hofu yote ya Makbeth katika sehemu zifuatazo hukosa sababu. Nao wauaji wakionekana kuwa wanamwona mtoto vizuri, watu watacheka na kuuliza mbona hawamkamati.

Hapo ndipo ugumu wote wa kazi hii ulipo. Lazima pawe giza kwa wale walio jukwaani, na wakati huo huo pawe na mwanga wa kumtosha fundi cherehani wa Shauri Moyo aliyelipa kiingilio chake na kuketi safu ya mwisho.

Dawa yake haimo katika wingi wa mwanga wala uchache wake. Imo katika mahali mwanga utokapo. Taa za ukumbini kwa kawaida hupigwa kutoka mbele, nazo hufanya uso uwe bapa kama sahani, kila kitu kikionekana sawa. Huo ni mchana, hata ukizipunguza vipi. Ukipunguza zaidi utapata mchana uliochakaa. Lakini ukizima za mbele na kuweka taa moja ubavuni, au nyuma ya mchezaji ikiwa juu, mambo hubadilika mara moja. Upande mmoja wa uso huonekana na wa pili huingia kivulini, mabega na kichwa hupata ukingo wa mwanga, na sakafuni hulala kivuli kirefu. Jicho la mtazamaji hukubali kwamba ni usiku, ijapokuwa mwanga wenyewe ni mwingi wa kutosha kuhesabu vifungo vya shati. Taa mbili zilizowekwa kwa akili zaweza kushinda kumi zilizowekwa kwa pupa.

Yafuata habari ya rangi. Karibu kila mtu anayeanza kazi hii hukimbilia buluu, naye ana haki kiasi fulani. Mwezi mpevu huleta mwanga ulio pungufu ya ule wa jua mara 400,000 hivi, na katika mwanga hafifu namna hiyo jicho la binadamu hubadili kazi yake: rangi nyekundu hufifia kwanza na kuwa kama nyeusi, hali buluu na kijani hubaki kuonekana. Jan Purkinje, mtaalamu wa Bohemia, alilieleza jambo hilo katika karne ya 19, na yeyote aliyepata kutazama maua mekundu kabla ya jua kuchomoza ameliona kwa macho yake. Cha ajabu ni kwamba mwanga wa mwezi wenyewe si wa buluu hata kidogo. Ni mwanga wa jua uliorudishwa na mawe na vumbi la huko, tena una wekundu kidogo kuliko wa jua. Buluu imo katika jicho.

Lakini buluu hiyo hiyo ndiyo iliyowaharibia wachezaji wengi wa Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya kazi ya taa viliandikwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya nyuso nyeupe, navyo huagiza karatasi ya buluu iliyokolea kwa usiku. Karatasi ya namna hiyo yaweza kupitisha chini ya sehemu 5 katika 100 za mwanga wa taa. Sehemu zote zilizobaki hupotea kuwa joto. Tena ngozi ya kahawia hurudisha wekundu na manjano vizuri, lakini humeza buluu. Basi mwanga mchache uliopita ukimpiga mchezaji usoni kutoka mbele humezwa papo hapo, na watu huona meno na macho na kola ya shati ikitembea. Kisha hulaumiwa mchezaji kwamba hana sura ya jukwaani, na kwa dhambi hiyo isiyo yake kijana mwenye kipawa huacha kuigiza.

Heri kutumia buluu iliyopauka, ile inayokaribia rangi ya chuma, au zambarau hafifu sana, ipigwe kutoka ubavuni na nyuma. Usoni uongezwe mwanga kidogo wa rangi ya majani makavu, mchache kiasi cha kutojulikana kuwa upo. Mafuta kidogo mashavuni na kwenye paji la uso husaidia kuliko taa ya pili, maana ngozi nyeusi inayong'aa hushika mwanga wa ubavuni kwa uzuri ambao ngozi nyeupe haina. Wapiga picha wa harusi wa Pumwani wanalijua sana jambo hili, na mwongozaji wa mchezo hawezi kupata hasara kwa kwenda kuwauliza.

Nguo nazo hazina budi kujaribiwa chini ya taa zenyewe, si mchana uani. Kanga nyekundu chini ya buluu huwa nyeusi, na bibi harusi akaonekana kama aliyefiwa. Kanzu nyeupe huwaka kama taa na kuvuta macho ya watu wote hata kama aliyeivaa ni mpishi asiye na neno la kusema. Ikiwa mpishi huyo lazima avae nyeupe, kanzu yake na ichovywe katika chai ya rangi. Hii ni hila ya zamani na haigharimu kitu.

Usiku wa Nairobi pia si usiku wa London. Michezo mingi ya Kizungu huonyesha jioni inayofifia polepole hata wachezaji wanamaliza mazungumzo marefu kabla ya giza kuingia. Huko ni sawa. Nairobi ipo nyuzi 1 na kitu tu kusini mwa mstari wa ikweta. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 12 na dakika 50 hivi jioni mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi mtu hawezi tena kusoma gazeti nje ya mlango wake. Basi mchezo unaohusu watu wa Maringo au Mbotela uwe na machweo mafupi yenye wekundu, kisha usiku uingie kama mtu aliyeitwa. Kadhalika mwezi. Wachoraji wa mapazia hunakili mwezi mwandamo kutoka vitabu vya Ulaya, umesimama wima kama mundu. Karibu na ikweta mwezi mwandamo hulala chali kama mashua. Watoto wote wanaokwenda kuutazama mwezi wa Ramadhani wanaujua hivyo, nao ndio watakaokuwa wa kwanza kucheka. Na mkulima atokaye shamba akiona nyota zimetobolewa ovyo katika kitambaa cheusi, hana ubaya akitafuta Kilimia kati yake. Matundu sita yaliyokusanyika pamoja yatamfurahisha bure.

Isitoshe, ni mara chache mitaa hiyo kuangazwa na mwezi peke yake. Kila kizazi kimekuwa na usiku wake wa namna yake. Nyumba za Pumwani za zamani zilikuwa na koroboi, mwanga mdogo mwekundu ulio chini, unaotupa vivuli vikubwa ukutani na kumfanya kila mtu kuwa na kidevu cha kutisha. Penye arusi au biashara palikuwa na karabai, mwanga mweupe mkali wenye mvumo. Mchezo unaohusu miaka ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, hauwezi kukosa tochi: msako mkubwa wa tarehe 24 Aprili 1954 uliipitia mitaa hiyo, na baada yake watu wengi wa Eastlands walikumbuka usiku kuwa ni mwanga wa duara unaoingia mlangoni na kusimama usoni. Tochi moja mkononi mwa mchezaji, jukwaa likiwa na mwanga hafifu tu wa nyuma, yaweza kuwatia watu hofu kuliko bunduki ya mbao.

Na katika karne hii ya 21 mitaa kama Mathare na Korogocho imewekewa nguzo ndefu zenye taa kali juu, ambazo wenyeji waliziita mulika mwizi. Usiku chini ya taa hizo hauna buluu. Mwanga wake hutoka juu sana, ni mkali na baridi, macho ya watu huingia katika mashimo, na vichochoro vilivyo kando huwa vyeusi kama wino kwa sababu ya ukali ule ule. Mwandishi wa mchezo anayetaka kuonyesha kijana wa Mathare arudipo kazini saa sita za usiku, kisha akamwekea mbalamwezi ya buluu, amemtoa kijana huyo kwake na kumpeleka mahali asipopajua mtu. Taa moja nyeupe iliyofungwa juu kabisa, isiyo na karatasi ya rangi, na sehemu iliyobaki ya jukwaa ikiachwa giza, ndiyo iliyo kweli. Tena ni rahisi kuliko zote.

Taa inayoonekana jukwaani, iwe koroboi, mshumaa au fanusi, ina ugumu wake wa pekee. Moto wa kweli usitumiwe. Mapazia ya kumbi hizo ni makavu na ya miaka mingi, na mlango wa nyuma mara nyingi umefungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda kwao. Katika chemni na itiwe taa ndogo ya betri yenye rangi ya manjano. Taa hiyo haitatosha kuangaza uso, nayo haina haja. Kando ya jukwaa hufichwa taa nyingine yenye rangi ile ile, nayo hupandishwa mchezaji anapoiweka fanusi mezani na kushushwa anapoiondoa. Mtazamaji huamini kwamba mwanga wote umetoka katika fanusi. Hila hii huharibika kwa njia moja tu: mchezaji anapuliza mshumaa, na chumba kinabaki kinang'aa kwa nukta tatu nzima kwa sababu mwenye taa alikuwa akitafuna njugu. Hakuna awezaye kuiokoa sehemu ile baada ya hapo.

Jicho lenyewe lahitaji muda. Mtu aliyetoka juani haoni kitu ndani ya nyumba, na baada ya nusu saa huona hata panya. Michezo ya Jumapili alasiri yapata taabu hii zaidi, kwa kuwa watu huingia macho yamejaa jua la Jogoo Road. Madirisha yafunikwe mapema kwa mablanketi, si kwa magunia, maana gunia hupitisha vijitundu elfu vya mwanga. Milango isifunikwe wala kuzibwa kamwe. Taa za ukumbi zipunguzwe robo saa kabla ya kuanza ikiwezekana, na tendo la usiku lisifuate papo hapo baada ya tendo la mchana mkali. Likiwa lazima lifuate, mwenye taa na aanze gizani kabisa, kisha apandishe mwanga taratibu kwa muda wa dakika mbili au tatu, taratibu hata mtu asijue. Macho yakisha kusadiki kwamba ni usiku, huendelea kusadiki, na mwongozaji amepata mwanga wake wote bila ya kuonekana mwizi.

Sasa hapana budi kusema juu ya umeme wenyewe, jambo ambalo vijana hulipenda kidogo kuliko rangi. Soketi ya kawaida ya ampia 13 kwa nguvu ya volti 240 yaweza kubeba wati 3,120 na si zaidi. Taa mbili za zamani za wati 1,000 na moja ya wati 500 ni wati 2,500, yaani ampia 10 na kitu. Hapo salama. Lakini akina mama wa chai wakichomeka birika la wati 2,000 katika waya ule ule, jumla yapanda hata kupita ampia 18, fyuzi inakatika, na usiku unakuja ambao hakuna aliyeuandika. Taa za LED zimeleta nafuu kubwa, kwa kuwa moja ndogo ya jukwaani hula wati 50 au 100 tu na haichomi karatasi ya rangi. Hata hivyo LED za nyumbani nyingi hazikubali kupunguzwa. Hurukaruka, kisha huzimika ghafla. Na taa za zamani za uzi nazo zina tabia yao: kadiri zinavyopunguzwa ndivyo zinavyokuwa nyekundu, hata mbalamwezi yako ikageuka machweo. Taa hizo zisipunguzwe sana. Afadhali zisogezwe mbali, au zizibwe nusu kwa bati.

Nyaya nazo ni hatari inayosahauliwa. Mazungumzo kama haya hapa chini yafaa yasikike katika kila ukumbi saa tatu kabla ya mchezo, kati ya kijana wa taa na mzee mwenye funguo:

"Kijana, waya huu una urefu gani?"

"Mita 30, mzee, lakini mimi nahitaji sita tu. Zilizobaki nimeziacha kwenye gurudumu lake."

"Zifungue zote, uzitandaze nyuma ya pazia. Waya uliojikunja hushika joto. Uliyeyuka hapa hapa siku ya harusi moja, nasi tukadhani ni pilau inayoungua."

"Ndiyo, mzee. Na hii taa ya mkebe?"

"Nani aliyeitengeneza?"

"Mafundi wa Kamukunji."

"Kazi nzuri. Lakini haina waya wa ardhini. Mrudishie fundi wa stima autie, ndipo niwashe."

Mzee huyo asionekane msumbufu. Mkebe wa biskuti au debe lililokatwa hufanya taa ya kumulika iliyo bora kwa gharama ndogo, na mafundi wa bati wa Kamukunji hulikata kwa muda mfupi, lakini bati hupitisha umeme, na waya ukichubuka ndani yake aliyelishika hufa. Matundu ya juu ya kutolea joto nayo ni lazima. Vitabu vya zamani vilifundisha pia kupunguza mwanga kwa mtungi wa maji ya chumvi wenye vipande viwili vya chuma ndani yake. Watu walifanya hivyo zamani kwa kukosa chombo kingine. Asijaribu mtu yeyote leo. Chombo kidogo cha kupunguzia mwanga, kilichotengenezwa kiwandani, hupatikana katika maduka ya Luthuli Avenue, na wanakikundi wakichanga hawatashindwa.

Karatasi ya rangi ya zawadi, ile ing'aayo, yafaa mbele ya LED. Mbele ya taa ya zamani huwaka moto au huyeyuka kabla ya tendo la pili. Hiyo ni akiba ya shilingi chache iletayo hasara ya ukumbi mzima.

Sasa na turudi kwa Banquo na mwanawe. Kikundi kina taa nne tu za LED. Moja na iwekwe juu nyuma, upande wa kushoto, rangi ya chuma iliyopauka. Huo ndio mwezi, na hauzimwi mpaka tendo liishe. Ya pili ubavuni kulia, chini ya usawa wa kichwa, nayo ina mwanga mdogo sana. Ya tatu, ya manjano, imefichwa kushoto mbele kwa ajili ya mwenge. Ya nne imelenga sehemu moja tu ya jukwaa, karibu na njia ya kutokea upande wa kulia, nayo bado haijawashwa.

Wauaji wanaingia. Wanaonekana mabega na visu, si nyuso, na hivyo ndivyo itakiwavyo. Fleance anaingia na mwenge wa betri, na taa ya manjano inapanda pamoja na hatua zake, polepole, hata Banquo akaonekana vizuri mara ya kwanza na ya mwisho. Anapigwa. Mwenge unaanguka, mchezaji anaubonyeza, na katika nukta ile ile ya manjano inazimwa. Ukumbi utavuta pumzi, kwa kuwa macho yaliyokuwa yamezoea manjano yatadhani giza ni kubwa kuliko lilivyo. Hapo wauaji wapapase. Wanyoshe mikono mbele, wakanyage taratibu, mmoja amshike mwenzake kwa makosa. Giza la jukwaani nusu yake hufanywa na taa na nusu hufanywa na mikono ya wachezaji. Mtu anayetembea kwa haraka mahali peusi huharibu kazi yote ya mwenye taa. Mtoto yeye ajiviringishe chini kuelekea kulia, nyuma ya migongo yao, na ile taa ya nne ipandishwe kwa kiasi cha mshumaa mmoja tu. Asimame hapo nukta mbili, ageuze uso kumtazama baba yake, watu wa safu ya mwisho waione sura yake, kisha atoke mbio. Taa ya nne ififie baada yake.

Tendo hili lirudiwe mara kumi kabla ya siku yenyewe, mwenye taa akiwapo kila mara pamoja na wachezaji, maana yeye naye ni mchezaji. Na jaribio moja lifanywe usiku, watu wawili wakikaa nyuma kabisa, kazi yao ikiwa kusema tu, "Sikumwona."

Jambo la mwisho ni stima yenyewe kupotea, mgeni asiyebisha hodi. Wawekwe vijana wawili milangoni wenye tochi nzima, nao wasiruhusiwe kutazama mchezo hata wakajisahau. Simu za watazamaji zizimwe mwanzoni kwa maneno ya adabu, lakini stima ikipotea waombwe waziwashe zote, waelekeze mwanga jukwaani, na wachezaji waendelee. Nyuso zitaonekana, vivuli vitatetemeka ukutani, na huenda tendo lile likawa zuri kuliko yote ya siku hiyo.

Mchezo ukisha, taa za zamani ziachwe zipoe kabla ya kuguswa, karatasi za rangi zitiwe katika bahasha, nyaya zikunjwe baada ya kupoa, na mzee arudishiwe funguo zake mapema, ili awahi matatu ya mwisho ya kwenda kwake.